Neno la Barisa mbele ya Watahini

Halima mwanangu,

Salamu nilikupa asubuhi, na kesho stendi utapata nyingine, kwa hiyo niruhusu niingie katika jambo lenyewe. Umekwenda Idsowe kumuaga bibi yako na hutarudi kabla ya magharibi. Nimefunga mlango. Jirani amebisha mara moja akaenda zake. Sitaandika juu ya nguo, wala chakula cha njiani, wala namna ya kukaa na shangazi yako huko Mombasa. Hayo tumeyasema mpaka ukawa unayasikiliza kama mtu anayesikiliza mvua juu ya bati.

Nataka kukuandikia juu ya igizo lako, na juu ya neno moja lililomo ndani yake.

Haya unayajua, lakini nikiyaandika nayaona vizuri zaidi. Ile shule ya Mombasa imeacha nafasi chache kwa wasichana wanaojua kusema mbele ya watu, na atakayechaguliwa atasomeshwa hadi kidato cha nne bila sisi kutoa chochote. Watahini watatu watakaa nyuma ya meza. Utaghani shairi walilolichagua wao, utasoma ukurasa ambao hujawahi kuuona, kisha utaigiza peke yako kitu ulichokitunga mwenyewe, na mwisho watakuuliza maswali. Ukikosa, hakuna shule nyingine. Ng'ombe wa baba yako waliisha kwa mafuriko na kwa homa iliyofuata, naye yuko mbali huko malishoni akichunga mifugo ya watu. Mshahara wangu unajua unakwenda wapi. Sikwambii hili kukutia hofu. Nakwambia kwa sababu wiki iliyopita nilikushauri kwa hofu hiyo hiyo, nikaiita ualimu.

Ulichokitunga ni siku ya mwisho ya mdogo wako Barisa. Hukuniomba ruhusa, na ulifanya vyema, maana ningekukataza. Nililisikia igizo hilo mara ya kwanza nikiwa jikoni nachambua kisamvu. Nikasikia sauti ya Barisa nyuma ya nyumba ikisema, "Bole, mama." Sikufikiri. Nilitoka mbio na kisu mkononi, nikakukuta umepiga magoti mchangani peke yako, na wewe ukakiogopa kisu. Nikasema nilidhani mbuzi wameingia kwenye mboga. Hapakuwa na mbuzi. Nadhani ulijua.

Kisha ukaigiza mbele ya wanafunzi wangu wa darasa la saba. Uliporudi ulikaa kizingitini bila kuvua viatu, ukaniambia walicheka. Nikakuuliza walicheka wapi. Ukasema, "Pale Barisa anaposema bole." Nami sikuiweka chini hata kalamu nyekundu. Nikasema, "Basi sema pole. Mtahini ana karatasi mbele yake, na kwenye karatasi kuna alama za matamshi." Ulinitazama kidogo, ukasema sawa, mama. Tangu siku hiyo unasema pole. Nakusikia ukijizoeza, midomo imebanwa vizuri, herufi inatoka safi, na igizo limekufa. Wewe unajua limekufa, na mimi najua. Tumekula sahani moja wiki nzima na hakuna aliyelitaja.

Acha kwanza nikwambie watahini wanatafuta nini, kwa sababu nimekaa pande zote mbili za ile meza.

Chuoni tulipewa mtihani kama huu wako. Nilikuwa msichana bado, na wewe mtoto wa kubebwa, nimekuacha kwa bibi yako. Niliingia nikaghani shairi la mama aliyefiwa. Nilikuwa nimejizoeza mbele ya kioo cha bweni mpaka wenzangu wakanikimbia. Nilijua pa kupandisha mkono, nilijua pa kuivunja sauti. Sauti yenyewe ilifika ukuta wa nyuma bila mimi kupiga kelele, na hilo hakunifundisha mtu wa chuo. Aliyekulia kando ya mto anajua kuita mtumbwi ulio ng'ambo: unaivuta irabu na kuiachia maji yaipeleke. Nikamaliza, nikasimama nikingoja sifa. Mtahini alikuwa mama mnene mwenye miwani. Aliuliza, "Ulikuwa ukisema na nani?"

Nikajibu, "Na hadhira, mwalimu."

"Hadhira haina jina. Nimekuuliza ulikuwa ukisema na nani."

Nilifaulu, lakini kwenye ile karatasi aliandika kwamba sauti ni nzuri na ndani hamna mtu. Nilimkasirikia miaka mingi. Nilijiambia amenionea kwa kuwa natoka Tana. Nilikuwa tayari kuamini lolote ila kwamba yule mama aliniona.

Basi hilo ndilo wanalolitafuta, walau wale walio wazuri. Wanatazama kama pale mbele yako, mahali ambapo macho yao yanaona hewa tupu, wewe unamwona mtu. Ukimwona, mikono yako itajua kazi yake, na mkono usio na kazi uache uning'inie. Ukimwona, utanyamaza mahali pa kunyamaza bila kuhesabu moyoni. Usikiogope kimya. Mtahini mzuri huweka kalamu chini unaponyamaza. Mbaya huipata hapo nafasi ya kuandika. Utawakuta wasichana wa mjini wanaoweza kulia machozi ya kweli wakati wowote, kama mfereji. Usiwatazame sana. Nilipokuwa mwamuzi niliyaona machozi mengi, na mengi yalikuwa yanamlilia mwenye kulia.

Bibi yako alitukuta siku moja tukijizoeza sehemu ya kilio, mimi nikikwambia pumzi ishuke hadi tumboni. Unakumbuka alivyosimama na kikapu chake kichwani. "Sasa unamfundisha mtoto kulia," akasema. "Sisi kwetu tulilia bila mwalimu. Au tulikosa alama?" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mimi nilicheka kwa heshima tu, na maneno yale yakanichoma.

Sasa herufi yenyewe.

Baba yako ni Mworma, na lugha aliyoinyonya haina P, wala haina Z. Alipokuja kwetu alisema amekuja kubosa, na shangazi zangu wakajificha nyuma ya pazia wasicheke mbele ya mgeni. Akinisimulia mambo ya samani, nilimuuliza ni samani gani, viti au meza? Siku hizo tulicheka pamoja. Yeye ndiye aliyeniita Mwalimu kabla sijawa mwalimu, na sikuona kwamba alikuwa ananionya.

Wewe ulikulia Idsowe kwa bibi yako na ulirudi kwangu na P yako imekamilika. Barisa alikulia mgongoni kwa baba yake, nyuma ya ng'ombe. Maneno yake yote alikuwa ameyaokota huko. Akijikwaa kwenye gogo, aliligeukia gogo akaliambia, bole. Alimwambia ndama bole alipofungwa. Alikwambia wewe bole ulipopigwa shuleni, na hata mimi sikuwa nimekwambia. Mtoto wa mwalimu, nikawaza, ataingia darasani na watamcheka. Nikaamua kumnyoosha kabla ulimwengu haujamnyoosha. Nilimshikia kipande cha karatasi mbele ya midomo, nikamwambia aseme pa, pe, pi, mpaka karatasi itikisike. Haikutikisika. Baba yako alikuwa ameegemea mlango akinywa chai. "Mwalimu," akasema, "siku huyu mtoto akiungua moto, atatafuta herufi kwansa ndiyo alie?" Tukacheka tena. Barisa naye alicheka, kwa kuwa baba yake alicheka, kisha akairudia karatasi.

Halafu kulikuwa na lile tamasha la shule kule Tarasaa. Mimi nilikuwa miongoni mwa waamuzi, na baba yako alisimama nyuma na Barisa mabegani. Shule moja ilileta mchezo wenye mlinzi wa usiku. Unamjua yule mlinzi, yumo katika kila mchezo. Anaingia na rungu na koti kubwa kuliko yeye, anasema, "Hakuna kubita! Hii geti ni ya besa!" na ukumbi unapasuka. Ulipasuka siku ile pia. Mimi nilicheka, nikampa yule kijana alama za juu za kuchekesha, kwa sababu hakika alichekesha. Sikugeuka kutazama nyuma. Usiku huo Barisa aliniuliza kwa nini watu walicheka. Nikamwambia kwa sababu mlinzi hajui kusema. Akafikiri.

Baada ya hapo aliacha kukosea. Nilifurahi, nikamwambia kila mtu chumba cha walimu kwamba ile karatasi inafanya kazi. Paka alimwita nyau, nikaona ni utoto. Badala ya kusema nipe maji, akawa anasema leta maji, nami nikamkaripia kwa kukosa adabu, nikamwambia mtoto hamwamrishi mama yake. Alisimama pale na kikombe mkononi akitafuta neno lingine la kuombea maji. Halikuwepo. Alikunywa mtungini mwenyewe tangu siku hiyo.

Wewe ndiye uliyegundua. Ulikuja jikoni ukasema, "Mama, kwako hasemi maneno yenye P. Kwangu anasema." Nikakwambia usizue mambo.

Ninajiuliza mara nyingi ni maneno mangapi mtoto yule aliyatazama akayaacha kwa ajili yangu. Peremende. Pakacha. Pumzika. Papo hapo. Nikiwa darasani naandika ubaoni, neno lenye herufi ile linanisimamisha, na wanafunzi wanadhani nimesahau tahajia.

Sasa nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu, hata baba yako.

Siku ile ya mafuriko tulipokuwa juu ya kile kipande cha barabara kilichobaki, maji pande zote mbili, wewe na baba yako mlikwenda kutafuta mashua ya kumvusha Barisa hadi hospitali. Nilibaki naye chini ya turubai. Homa ilikuwa imepanda mpaka akaacha kulia. Mama mmoja wa turubai la pili alileta uji, mtoto hakuweza kuumeza. Nilikuwa namfuta uso kwa ncha ya kanga, na pale pale nikaanza kulia mimi, jambo ambalo hakuwahi kuliona kwangu. Alinitazama muda mrefu. Kisha nikamwona anabana midomo. Ilikuwa imekauka na kupasuka, naye anaibana kwa nguvu, kama nilivyomfundisha, anakusanya pumzi nyuma yake. Nilidhani anataka kutapika, nikamwinua. Akasema, "Pole, mama."

P safi, Halima. Ingeitikisa karatasi.

Alikuwa ananitazama aone kama ni sahihi. Sikumjibu. Ningeweza kumwambia vizuri, ningeweza kumwambia lolote, lakini nilimfuta midomo tu, na akaendelea kunitazama vile vile hadi nikaelewa kwamba haningojei tena.

Mliporudi na mashua nilikuwa nimeshamfunika. Uliniuliza alisema nini, nikakwambia hakusema kitu. Ukakaa na jibu hilo mwaka mzima na zaidi, na hatimaye ukaenda nyuma ya nyumba ukampa maneno wewe mwenyewe. Ulimpa yake. Bole, mama. Ungewezaje kujua kwamba mwisho wake aliazima yangu?

Sasa unajua, na nakuona ukifikiri upesi, maana una akili ya kupanga kama mimi. Unaweza kusema: basi, pole ndilo neno la kweli, na karatasi ya mtahini itaridhika pia. Wazo hilo lilinijia asubuhi na nilikaa nalo kwa furaha kama ya mtu aliyepona. Ukweli na alama upande mmoja. Mara ngapi hutokea hivyo? Kisha nikalisikia swali la yule mama mwenye miwani. Barisa alikuwa akisema na nani?

Alikuwa akisema na mtu aliyemshikia karatasi. Pumzi iliyombakia ilikuwa kidogo, akaitumia kumridhisha mwalimu. Lakini katika igizo lako, yule mwanamke aliyeketi chini ya turubai si mimi. Nimekutazama unavyomwangalia unapopiga magoti, na nimemwona. Ni mama uliyemtungia ndugu yako, anayemsikiliza tu asimrekebishe. Sitaki kuingia pale na kumfukuza. Mwachie mtoto wake.

Sema bole.

Huenda wakacheka. Kule mjini nao wana yule mlinzi wao mwenye koti, na sikio lililozoea kucheka halingoji kuelewa. Wakicheka usiharakishe neno linalofuata ili ulifunike lile bole, wala usiwakazie macho kwa lawama. Kaa na unayesema naye mpaka kicheko kiishe chenyewe. Nilipokuwa mwamuzi nilijifunza kutazama hapo kuliko mahali pengine popote, mtu anavyofanya anapochekwa, na ni wachache niliowaona wakibaki pale walipokuwa. Mtahini mmoja anaweza kuandika kwamba matamshi yana kasoro. Kwa karatasi yake atakuwa sahihi. Wakikuuliza kwa nini umelisema vile, usiwasimulie mafuriko ili wakuonee huruma. Huruma ya mtahini hupoa kabla wino haujakauka. Waambie, "Ndivyo anavyosema." Waache wao wahangaike kwa nini ni "anavyo" na si "alivyo".

Lile shairi lao, hata hivyo, lighani kwa matamshi yao, kila herufi mahali pake. Hapo usibishane. Lile ni lao.

Najua ninachokuomba. Inawezekana ukaikosa nafasi kwa herufi moja, na sitaweza kusema ni majaaliwa, kwa kuwa nitakuwa nimekutuma. Utakaa hapa Garsen. Utachota maji, utawaona wenzako wakipandisha masanduku ya shule kwenye basi, utanisikia mimi nikifundisha watoto wa watu. Iko siku utaikumbuka barua hii na utanichukia, na siku hiyo usinifiche. Nitaipokea chuki yako kuliko uende ukakae miaka minne katika shule uliyoipata kwa kumsahihisha Barisa kaburini. Akiwa hai nilimsahihisha vya kutosha.

Mama yako